Kipanga wa kata: kisa cha mwanafunzi wa kidato cha tano aliyejipima kwa ubao wa matokeo

Kabla ya kisa chenyewe

Mwanafunzi ninayemwandika hapa sasa ni mtu mzima, ameniruhusu nimwandike, na amesoma haya kabla yenu. Majina nimebadilisha, wilaya yake sitaitaja, na alama nimezisogeza kidogo huku na huku asije akatambulika.

Mimi nilikuwa nafundisha Baiolojia katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Dodoma, na juu yake nilikuwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Unasihi nilikabidhiwa kama wengi wetu tunavyokabidhiwa: katikati ya kikao mkuu wa shule akauliza ni nani hana jukumu la ziada, macho yote yakanigeukia. Nilipata semina ya siku tatu na daftari la kuandikia waliokuja. Nayasema haya mapema kwa sababu baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Alikotoka

Nitamwita Upendo. Alisoma shule ya kata, kijiji ambacho gari la abiria hupita mara moja kwa siku, na mvua ikikolea halipiti. Wazazi wake wanalima alizeti na uwele. Wamezaliwa sita, yeye ni wa tatu, na ndiye wa kwanza nyumbani kwao kuvuka kidato cha nne.

Tangu kidato cha pili hakuna aliyempita darasani. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka alikuwa na divisheni wani ya pointi 15, ya pekee shuleni kwao mwaka ule. Diwani alikuja na kitenge cha mama. Kanisani walimsimamisha mbele, wakamwombea. Baba aliuza mbuzi wawili: ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022, lakini godoro, tranka, ndoo, jembe, rimu ya karatasi na nauli hazikuondolewa na mtu.

Nilipokuja kuongea naye kwa kituo, niligundua kwamba kwa miaka mitatu mfululizo kila mtu mzima aliyekutana naye, mwalimu, mjomba, mchungaji, alimwuliza swali moja: umekuwa wa ngapi? Na jibu lilikuwa moja. Hakuna aliyewahi kumwuliza anajua nini.

Julai hadi Septemba

Alipangiwa kwetu tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Darasa lilikuwa na wasichana 46, wote waliofaulu vizuri walikotoka. Tuseme walikuwa vipanga 46 waliotoka shule mbalimbali, na katika vipanga 46 lazima mmoja awe wa 46. Hesabu hii rahisi hatukuwahi kuwaambia siku ya kuwapokea. Tuliwaambia habari za usafi wa mabweni na marufuku ya simu.

Wiki ya kwanza mwalimu wa Kemia aliuliza swali, na msichana nitakayemwita Rehema akasimama akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kutafuta neno. Rehema alisoma shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Upendo alitoka mahali ambapo mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza kisha hugeuka akaeleza kwa Kiswahili, na wanafunzi hujibu kwa Kiswahili. Jibu la swali lile Upendo alilijua. Aliniambia baadaye, "Madamu, nilikuwa nalo, lakini nilikuwa nalo kwa Kiswahili." Siku ileile akahitimisha kwamba Rehema ana akili kuliko yeye. Ufasaha wa lugha na uelewa wa somo vilikuwa vimeingia mfuko mmoja kichwani mwake, na sina hakika kwamba sisi walimu tulikuwa tumevitenganisha.

Mtihani wa kwanza ulikuja Agosti, wakati ule wa vumbi na upepo. Karatasi ya matokeo ikabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya taaluma, jina, alama, nafasi. Upendo alianza kusoma orodha kutoka juu. Alipofika kumi akadhani ameruka jina lake, akaanza upya. Mara ya pili alishuka hadi chini: nafasi ya 41. Kemia 34, Fizikia 27, Baiolojia 43.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande, mengine kwa matroni. Aliacha kuuliza maswali. Alihama kiti cha mbele, akakaa nyuma karibu na dirisha. Karatasi ya mtihani iliyosahihishwa aliikunja ile kona yenye alama, au akaichana kabisa. Bwenini kulikuwa na uvumi kwamba Rehema huamka saa tisa usiku kusoma, kwa hiyo Upendo naye akawa anaamka saa tisa, anakaa kwenye ngazi penye taa na shuka begani, macho yanasoma, kichwa kimelala. (Rehema, niliuliza, alikuwa analala vizuri tu hadi saa kumi na moja, muda wa foleni ya maji.) Na kila Ijumaa tumbo lilimuuma. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa wiki.

Zahanati walipima malaria, wakapima mkojo, wakapima choo, wakakuta mzima. Mara ya tatu matroni ndiye aliyeunganisha Ijumaa na Jumamosi. Akamleta kwangu.

Uamuzi wa kwanza, na kwa nini niliufanya

Jambo la kwanza nililofanya nadhani nililifanya sawa. Nilimwuliza kuhusu usingizi, kula, na nikamwuliza wazi kama amewahi kuwaza kujidhuru. Alisema hapana, na alivyosema niliamini. Angesema ndiyo, ningempeleka hospitali siku hiyohiyo. Dodoma mjini ukimtajia mwanafunzi daktari wa akili, neno linalomjia ni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na anaogopa kuchekwa, kwa hiyo nilimweleza mapema kwamba kuulizwa hivyo si kuambiwa ana wazimu.

La pili niliharibu. Nilifikiri: huyu amekata tamaa, anahitaji mfano. Nikamwendea mwalimu wa darasa, tukamhamisha Upendo akakae dawati moja na Rehema. Niliona nimepata dawa ya bure. Rehema ni mpole, hana majivuno, na kila mwalimu nchi hii ameshatamka mbele ya darasa "mwigeni fulani." Mimi mwenyewe nilisomeshwa hivyo. Tena nilimwambia Upendo, kwa nia njema kabisa, "Angalia mwenzako anavyofanya, na wewe ni msichana kama yeye."

Sentensi ile aliikumbuka kwa miaka. Alichosikia ni kwamba kama ni msichana kama yeye na bado hawezi, basi kasoro ni yake.

Oktoba: karatasi ya Kemia

Mwezi ukapita. Alama hazikupanda, na mtihani uliofuata akawa wa 43. Akaandika barua ya kuomba kubadili tahasusi, aende Historia, Jiografia na Kiingereza. Mwalimu wa taaluma alikuwa tayari kusaini. Hakuwa mtu mbaya: ameshaona watoto wakishikilia sayansi kwa sifa za nyumbani hadi wanaondoka na sifuri, na kumhamisha mapema aliona ni huruma.

Nikaomba wiki mbili. Sikuwa na sababu nzuri ya kuzitaja, ila barua ilisema "kwa kuwa sina uwezo," na nilitaka kuuona huo uwezo usiokuwepo. Nikaazima karatasi zake zote kwa walimu, nikazipitia mezani kwangu usiku, umeme ukikatika na kurudi.

Swali la Kemia liliuliza: gramu 4 za hidroksaidi ya sodiamu zimeyeyushwa hadi kufikia sentimita za ujazo 250, tafuta ukolezi wake. Upendo alikuwa ameanza vizuri. Gramu 4 kugawa kwa 40, moli 0.1. Moli 0.1 kugawa kwa lita 0.25, jibu 0.4. Ameandika 0.4, amepiga mstari chini yake. Halafu amelikata, mistari miwili, na pembeni ameandika 0.1. Nikachukua karatasi ya Rehema. Rehema, kwa swali lile, alikuwa ameghafilika: kasahau kugawa kwa ujazo, kaishia kwenye moli 0.1.

Upendo alikuwa na jibu sahihi, akalifuta, akaandika kosa la kipanga.

Nikaendelea kufunua. Kwenye karatasi za tangu wakae dawati moja nilikuta majibu sita ya namna ile, sahihi na yamekatwa. Ningeyahesabu, Fizikia ingekaribia 40. Udanganyifu ulikuwemo, siukatai, na kwa sheria za shule ningetakiwa kuupeleka mbele. Sikuupeleka. Mtu anayeiba jibu huiba kwa sababu hana lake. Huyu alikuwa nalo, akalitupa.

Rehema anaomba kuhamishwa

Kabla sijajua la kufanya, Rehema alikuja mwenyewe ofisini. "Shikamoo madamu. Naomba kuhama dawati." Nikamwuliza wamegombana? "Hatujagombana. Ananiangalia tu. Nikiandika ananiangalia, nikifuta naye anafuta. Nikipata 70 darasa zima linaguna kana kwamba nimefeli. Nimechoka, madamu."

Hili sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Tulikuwa tumemgeuza binti wa miaka 18 kuwa rula. Alikuwa ameshuka hadi nafasi ya tatu mtihani uliopita na akalia chooni ili asionekane.

Nikawaita wote wawili, kesho yake baada ya chakula cha mchana, nyuma ya maabara kwenye mwarobaini. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza. Sikuzungumza sana. Upendo alimwuliza Rehema, kwa sauti ya kama kulalamika, "Kwani wewe ukisoma mara moja unaelewaje?" Rehema akainuka, akaenda bwenini, akarudi na kaunta buku tatu zilizochakaa, akaziweka mchangani.

Upendo akafungua ya Kemia. Juu ya ukurasa wa ukolezi kulikuwa na tarehe, mwezi Februari. Akafunua mbele: Machi, Aprili. Topiki ambayo sisi tulikuwa tunaifundisha wiki ile Rehema aliimaliza Mei, tuisheni mjini, akitumia madaftari ya kaka yake aliyemaliza kidato cha sita.

"Kumbe hukuanza Julai," Upendo akasema.

"Nilianza Januari. We ulikuwa unafanya nini Januari?"

"Napalilia."

Wakacheka wote wawili, mimi nikabaki nimeduwaa. Miezi saba, kati ya mtihani wa kidato cha nne na siku ya kuripoti, mmoja alikuwa tuisheni na mwingine shambani: kupalilia, kuvuna, kubeba mtoto wa mwisho wa mama yake. Tukawapima pamoja Agosti na kuwabandikia nafasi ukutani.

"Usione vyaelea, vimeundwa" nimeitamka darasani pengine mara mia. Sikuwahi kumwonyesha mwanafunzi gogo, shoka na fundi mwenyewe akitoka jasho. Rehema alimwonyesha, na hakufanya hivyo kwa mpango wangu.

Uamuzi wa pili

Baada ya pale tulikubaliana mambo machache. Barua ya kubadili tahasusi ikae kwenye droo yangu hadi mwisho wa muhula. Haijachanwa, anaweza kuichukua siku yoyote. Nilitaka abaki kwa kuchagua. Rehema akahama dawati. Upendo akaingia kikundi cha diskasheni na wenzake watatu ambao nafasi zao zilikuwa kati ya 30 na 40, wawili wao kutoka shule za kata. Kikundi kikaruhusiwa kujadili kwa Kiswahili kwanza, kisha mmoja wao aandike jibu kwa Kiingereza na wengine walikosoe. Nikamwomba pia kila Jumapili aurudie mtihani wa Agosti, swali kwa swali, bila kuangalia usahihishaji, aweke tarehe na alama yake mwenyewe. Kwenye mitihani ya kweli sharti lilikuwa moja: ukikata jibu, andika pembeni kwa neno moja kwa nini umelikata.

Lililobaki lilikuwa nyumbani. Wazazi walikuja Jumapili ya kutembelewa, mama na kikapu cha karanga na ubuyu. Nikawasalimu kwa Kigogo changu kibovu, "Mbukwenyi," wakacheka kwa heshima. Baba, kama nilivyotegemea, aliuliza amekuwa wa ngapi. Nikamwambia, "Mzee wangu, nikikutajia namba utaondoka nayo hadi kijijini na haitakusaidia. Ngoja akuonyeshe." Upendo akamwonyesha mtihani wa Agosti, 34 ya mwanzo na 61 ya wiki iliyopita. Mzee alizitazama muda mrefu, akauliza, "Ni mtihani uleule?" Uleule, baba. Akasema ni kama shamba, huwezi kulinganisha gunia zako na za jirani kama yeye ana trekta. Kisha, wanaondoka, akamvuta binti pembeni, na nikamsikia: "Lakini utampita tu yule, eti?" Sikumlaumu. Mbuzi wawili ni mbuzi wawili.

Matokeo

Maumivu ya Ijumaa yalipungua ndani ya mwezi, hayakuisha. Yalirudi kila mtihani wa kumaliza muhula. Desemba alikuwa wa 37. Mwisho wa kidato cha tano alikuwa wa 24. Barua yake haikuondoka kwenye droo. Kuandika sababu ya kukata jibu ndiko kulikofanya kazi haraka kuliko yote: mara tatu za mwanzo aliandika "sina uhakika," mara ya nne akaandika "hakuna sababu," akalirudisha jibu.

Kidato cha sita alipata divisheni mbili. Rehema alipata wani. Hakumpita, na hata leo, Upendo akiwa kazini, ananiambia akiona picha ya mtu aliyesoma naye amevaa joho tumbo humkumbuka Ijumaa.

Uchambuzi: palipofeli na palipofanya kazi

Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu asipokuwa na kipimo cha wazi cha uwezo wake hujipima kwa watu, na hupendelea kujipima kwa anaodhani wanafanana naye. Kosa letu liko katika maneno hayo mawili ya mwisho. Sare moja, darasa moja, meza moja ya ugali na maharage: kila kitu kilimwambia Upendo kwamba yeye na Rehema wanafanana. Kitu pekee kilichotofautiana mbele ya macho yake kilikuwa namba ubaoni, kwa hiyo tofauti yote akaiweka kwenye akili.

Kuporomoka kwake Agosti hakukuwa udhaifu wa tabia. Herbert Marsh, aliyefanya kazi Australia, alieleza katika miaka ya 1980 habari ya samaki mkubwa kwenye bwawa dogo: wanafunzi wawili wenye uwezo sawa, yule aliye katikati ya wenye uwezo mkubwa hujiona duni kuliko mwenzake aliye shule ya kawaida. Mwaka 2003 yeye na Kit-Tai Hau walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 100,000 wa miaka 15 katika nchi 26, wakakuta hali hiyohiyo. Sisi hatumo katika nchi hizo, lakini yeyote aliyepokea kidato cha tano ameiona: perege wa bwawa la Hombolo ametupwa Ziwa Viktoria na anadhani amesinyaa.

Kuhusu lile dawati, ningekuwa nimesoma kazi ya Penelope Lockwood na Ziva Kunda ya mwaka 1997 nisingelifanya. Walionyesha kwamba nyota humtia mtu moyo pale anapoona bado anaweza kufika alipo nyota huyo. Akiona hawezi tena, nyota yuleyule humvunja moyo. Upendo alipokalishwa pale alikuwa ameshaamini hawezi. Kilichokosekana hakikuwa mfano bora. Ni njia ya kufika kwa huyo mfano, na njia hiyo ilikuwa ndani ya kaunta buku chini ya kitanda cha bwenini wakati wote.

Kumwambia "acha kujilinganisha" nilijaribu pia, wiki ya kwanza. Haikusaidia hata siku moja na sitapoteza wino. Kulinganisha hakukukoma, kulihama. Akajilinganisha na Upendo wa Agosti, na wale watatu wa diskasheni ambao hatua zao aliziona zikitokea mbele yake, makosa na yote. Hata hivyo sidai kwamba hayo ndiyo yaliyompandisha nafasi. Kufikia kidato cha sita mtaala ulikuwa umewafikisha wote mahali ambapo tuisheni haikugusa, na pengine hilo peke yake lilitosha kupunguza pengo. Ninachoweza kukitetea kwa karatasi mkononi ni majibu aliyoacha kuyakata.

Upande wa Rehema nimeuandika kifupi, na ufupi wenyewe ni sehemu ya kosa. Hakuna jina lake katika daftari la unasihi la muhula ule. Aliyeshika nafasi ya kwanza hakuna anayedhani anahitaji kuitwa.

Ubao nao haujaondoka. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha Januari 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, nikaipeleka habari hiyo kikaoni nikidhani nimeshinda. Mwalimu wa taaluma akajibu kwamba kuna wasichana wanaoamka kwa sababu ya ubao ule, akawataja kwa majina, na alikuwa sahihi kwa kila mmoja. Tukafika katikati: mitihani ya wiki haibandikwi, kila mtu anapewa karatasi yake, ya muhula inabandikwa. Na siku ya kupokea kidato cha tano, kabla ya habari za usafi wa mabweni, kila mmoja anaandika kwenye karatasi alifanya nini kati ya Desemba na Juni, zinasomwa kwa sauti bila majina. Mwaka jana mmoja aliandika, "Nilikuwa nauza mishikaki stendi." Darasa lilipiga makofi, sijui kwa nini, na aliyeandika hakujitaja.